Fundi Anajibu: Gari inazima ghafla na eabegi inalala

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Mimi niko Columbus, Ohio, nimenunua Chevrolet Cobalt ya 2007 kwa mtu, bei ilikuwa nzuri na injini haina kelele. Sasa imeshanizimikia njiani mara tatu. Juzi nilikuwa haiwei na watoto wawili nyuma, nikapiga shimo, injini ikakata hapohapo, mishale ya dashibodi ikalala yote, usukani ukawa mzito kama umefungwa, lakini redio inaendelea kuimba tu. Nikajivuta mpaka pembeni natetemeka. Nikazungusha ufunguo ikawaka fresh. Fundi wa mtaani anasema pampu ya mafuta imechoka, anataka dola 400. Nimpe?
Mama wa Wawili

JIBU: Pole sana dada yangu, na hiyo hela usimpe kwanza. Pampu ya mafuta ikikata, ufunguo unabaki palepale kwenye ON, kwahiyo taa za onyo zinawaka kwenye dashibodi. Wewe unasema mishale imelala na redio inaimba, hiyo ni dalili ya ufunguo kurudi nyuma hatua moja mpaka eksesori, pale mahali unapoweka ukitaka kusikiliza muziki injini ikiwa imezimwa. Siwezi kuapa bila kuigusa gari, ila Cobalt ya 2007 ina historia na hili tatizo na historia yenyewe inauma.

Ndani ya swichi ya kuwashia kuna kijipini kinachosukumwa na springi, ukizungusha ufunguo kinadumbukia kwenye kijishimo, ule mkwaruzo mdogo unaousikia mkononi ndio huo. Kazi yake ni kuushika ufunguo usirudi. Kwenye Cobalt, Saturn Ion, Chevrolet HHR, Pontiac G5 na ndugu zao wengine wa General Motors (kampuni mama ya Chevrolet), ile springi ilikuwa dhaifu kuliko kiwango ambacho kampuni yenyewe ilikuwa imekiandika. Kwahiyo goti likigusa, au gari ikipiga shimo huku kiholda kimejaa mafunguo kinaning'inia, ufunguo unarudi wenyewe na gari inazima ikiwa mbioni.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo watu walipofia. Usukani unakuwa mzito kwa sababu pawa imekatika, breki nazo zinapoteza msaada, na hayo mawili dereva anayasikia mwilini. Ambacho hakioni ni kwamba kompyuta ya eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka kumkinga mtu kwenye ajali) nayo inakula umeme kupitia swichi hiyohiyo, ufunguo ukirudi eksesori nayo inazimika. Gari inaacha njia, inagonga mti, eabegi haifunguki. Kwa miaka mingi familia zikaambiwa mtoto wenu alikuwa spidi, mtoto wenu hakuwa makini.

Mwaka 2010 huko Georgia dada mmoja alifariki kwenye Cobalt ya 2005. Siku chache kabla alikuwa ameipeleka gereji akilalamika inazima barabarani, wakasafisha mfumo wa mafuta wakamrudishia (ndio maana nimeshtuka kusikia habari ya pampu kwenye barua yako). Wazazi wake hawakukubali yaishe, wakatafuta wakili. Kumbukumbu za kompyuta ya gari zikaonyesha wakati wa ajali ufunguo ulikuwa eksesori. Halafu injinia wao akanunua swichi mpya dukani akaifungua mezani pamoja na ile ya zamani akalinganisha, kijipini cha mpya kirefu zaidi, springi ina nguvu zaidi, namba ya kipuri ileile. Yaani kuna mtu ndani ya kampuni alipitisha marekebisho mwaka 2006 na namba haikubadilishwa, kwahiyo magari mapya yakapata swichi nzuri kimyakimya na wenye magari ya zamani hakuna aliyewaambia kitu. Mimi nimeuza na kufunga vipuri miaka mingi na namba ya kipuri kwetu ni kama jina la mtu, ukibadilisha kitu ukaacha namba umemfunga macho kila fundi atakayekuja baada yako.

Magari hayo yalikuja kuitwa na kampuni yarudi kurekebishwa (ndiyo wanaita rikoli) Februari 2014, zaidi ya miaka 10 tangu watu wa ndani waanze kuujua ubovu huo, mwisho yakafika milioni 2.6 hivi. Kwenye vikao vya Bunge la Marekani ikatajwa kwamba kipuri chenyewe ni cha senti 57. Mfuko wa fidia uliosimamiwa na wakili Kenneth Feinberg ulikubali madai ya vifo 124 na majeruhi 275, na mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa serikali dola milioni 900. Hakuna mfanyakazi aliyefungwa, na kwa hilo bado nina hasira.

Turudi kwako. Leo hii, kabla hujaenda popote, toa kila kitu kwenye kiholda, ubaki ufunguo wa gari peke yake. Hata kile kiremoti weka mfukoni. Halafu chukua chesisi namba, ina tarakimu na herufi 17, iko chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, iingize kwenye tovuti ya NHTSA (wale wa usalama barabarani wa serikali) uone kama kuna rikoli haijafanyiwa kazi. Kama ipo, piga simu kwa dila (muuzaji rasmi) yeyote wa Chevrolet, watabadilisha bure hata kama gari umenunua mtumba kwa mtu, hata kama huna risiti ya zamani. Waulize na silinda ya ufunguo maana nayo iliitwa mwaka uleule wa 2014. Usishangae kwamba uliuziwa hivyo, sheria ya serikali kuu haimzuii mtu kuuza gari ya mtumba yenye rikoli. Mpaka ibadilishwe watoto wasipande, omba lifti.

Na ikikuzimikia tena, shika usukani kwa nguvu, unageuka ila unataka misuli. Kanyaga breki mara moja na uishikilie, usipampu, ule msaada wa breki uliobaki unakutosha mkanyago mmoja au miwili tu. Tia niutro, washa hazadi, rudisha ufunguo ON ujaribu kuwasha. Usiuchomoe ufunguo gari ikiwa inatembea, usukani utajiloki.

SWALI: Fundi mambo, naendesha teksi Vitz hapa Mwanza. Ufunguo umelika mpaka nauchomoa gari ikiwa inaunguruma. Fundi umeme anasema aunge direkti na kuniwekea swichi ya kubonyeza, elfu thelathini tu. Vipi?

JIBU: Mdogo wangu usikubali. Swichi ya kuwashia inapitisha umeme mwingi, waya ukiungwa kwa selotepu na swichi ya taa ya nyumbani utapata joto mpaka uyeyuke. Hata swichi za kiwandani zimeshachoma magari, mwaka 1996 Ford waliita magari zaidi ya milioni 7 kwa sababu swichi ilikuwa inaweza kupiga shoti na kuwaka hata gari ikiwa imepakiwa. Tafuta silinda na swichi yake ya mtumba kutoka Japani, nzimanzima pamoja na ufunguo. Na ukisikia harufu ya plastiki karibu na usukani, simamisha, toa abiria, fungua boneti kwa uangalifu, chomoa waya wa betri.

SWALI: Mimi gari yangu ni ya kubonyeza, haina ufunguo. Nimesalimika? Niko Minnesota.

JIBU: Kwa kuning'inia mafunguo ndiyo. Ila huko kwenye baridi mnapaki ndani ya gereji iliyoungana na nyumba, na gari hizi hazina sauti, mtu anashuka na kiremoti mfukoni injini bado inawaka, moshi unaingia vyumbani usiku watu wamelala, na watu wamekufa hivyo huko Marekani. Toyota walitangaza kuweka kitu cha kuizima yenyewe kuanzia modeli za 2020, kwahiyo kama yako ni ya nyuma ya hapo nunua king'amuzi cha kaboni monoksaidi (ile gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa gari), ukifunge karibu na mlango wa gereji na kingine nje ya chumba cha watoto, na kila ukishuka angalia dashibodi imezima kabisa ndio ufunge mlango.