Maswali na Majibu: Ampli ya Daraja A ya Kujitengenezea

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu saketi moja: ampli ya wati 10 ambayo John Linsley Hood aliichapisha katika jarida la Wireless World, Uingereza, Aprili 1969. Kwa wasioifahamu, kila upande una transista nne tu: mbili kubwa za NPN zinazoendesha spika, moja ya kati inayozisukuma hizo mbili, na moja ndogo ya PNP (aina iliyo kinyume cha NPN) inayopokea sauti. Kwa spika ya omu 8 inataka volti 27 na ampea 1.2, na ampea hizo zinapita muda wote hata muziki ukiwa umezimwa. Hilo ndilo daraja A. Transista kubwa hazizimiki kabisa wimbi linapopanda na kushuka, kwa hiyo ule mkwaruzo mdogo unaozaliwa transista moja inapomwachia mwenzake kazi haupo.

Shikamoo fundi. Nimeifunga saketi kama ilivyochorwa, na transista kubwa nimeweka 2N3055. Volti ya katikati, pale transista mbili kubwa zinapokutana, iko sawa, 13.5, ila mkondo ni ampea 0.5 tu. Nikiongeza volyumu kidogo sauti inakwaruza. Nimekosea wapi? – Msomaji, Morogoro

Marahaba. Ufungaji wako hauna kosa. Tatizo ni kwamba 2N3055 zako hazizidishi mkondo kwa kiasi ambacho mchoraji alikitegemea, na katika saketi hii hakuna kitu kinachopima ampea na kuzirekebisha. Mkondo wa transista kubwa unatokana moja kwa moja na ule mdogo unaoingia kwenye beizi zake, yaani miguu inayoziongoza.

Piga hesabu. Kutoka volti 27 hadi beizi ya transista ya juu kuna rezista mbili zinazofuatana, omu 100 na omu 560, jumla 660. Juu yake zinabaki volti 13 hivi. Gawanya 13 kwa 660, unapata miliampea 20. Hizo 20 zinagawanyika: nusu inaingia beizi ya juu, nusu inapita kwenye transista ya kati na kuishia beizi ya chini. Kila moja inapata 10. Ili 10 ziwe 1,200, transista lazima izidishe mara 120. 2N3055 nyingi zinazidisha mara 50 hivi, na 10 mara 50 ndiyo hiyo nusu ampea unayoiona kwenye mita.

Dawa ni kuzipa beizi mkondo zaidi. Kwa transista za mara 50 unahitaji miliampea 24 kwa kila beizi, yaani 48 kwa jumla, na hapo rezista zote mbili pamoja ziwe omu 270 hadi 280. Iache ile ya 100, toa ya 560, weka mahali pake ya 180. Lakini usiilehemu moja kwa moja. Weka kwanza rezista ya kuzungusha ya omu 500 ya waya, ya wati 2, ukiwa umeiweka kwenye omu nyingi kabisa, kisha uishushe taratibu huku ukiangalia mita. Ukifika ampea 1.2, zima, ipime ile ya kuzungusha, tafuta rezista ya kudumu yenye thamani hiyo. Rezista zote mbili ziwe za wati 1 au 2, maana ile ya 180 peke yake inachoma karibu wati 0.4, na ya robo wati itabadilika rangi ndani ya wiki.

Ukishapunguza omu, mambo mengine mawili yanafuata, na wengi huyasahau. Kapasita inayotoka kwenye mstari wa spika kurudi katikati ya rezista hizo mbili ilikuwa mikrofaradi 250. Ipandishe iwe 470 au 1,000, ya volti 50, la sivyo besi ya chini itanyong'onyea. Na transista ya kati sasa inabeba miliampea 24 chini ya volti 13, yaani wati 0.3. Kidude cha plastiki kidogo kitapata moto sana hapo. Weka transista ya BD139 na uifunge kipande kidogo cha bati la alumini.

Kupima ampea, usikate waya kila mara. Lehemu rezista ya omu 0.1 ya wati 5 kwenye waya wa chanya na uiache hapo. Miliampea 1,200 zitaonekana kama milivolti 120. Pima tena baada ya nusu saa, kwa sababu transista ikipata joto inazidisha zaidi na mkondo unapanda wenyewe. Rekebisha kipimo ikiwa imeshapata moto, kisha rudi kwenye volti ya katikati uirejeshe 13.5.

Tahadhari moja kuhusu ile balbu ya wati 60 ambayo mafundi huiunganisha mfululizo na waya wa umeme wanapowasha ampli mara ya kwanza. Kwa ampli ya kawaida balbu huwaka kidogo na kufifia. Kwa daraja A itaendelea kuwaka, maana ampli inakula umeme bila kupumzika, na volti zitashuka usipate kipimo chochote cha kweli. Itumie kutafuta shoti tu, mkondo ukiwa umewekwa chini kabisa, kisha iondoe.

Ampli inapiga vizuri lakini hitsinki (alumini ya kupoza transista) haishikiki. Nimeambiwa daraja A ndivyo lilivyo, niache tu. Ni kweli? – Msomaji, Mombasa

Moto ni wa lazima, ila si moto wowote. Volti 27 mara ampea 1.2 ni wati 32.4 kwa kila upande, na zote hizo zinapitia hitsinki. Chumba cha Mombasa kikiwa na nyuzi 32, na ukitaka hitsinki isivuke nyuzi 60, una nyuzi 28 za kuchezea. Gawanya 28 kwa 32.4: hitsinki yako lazima iwe ya nyuzi 0.86 kwa wati au chini ya hapo, kwa kila upande. Pande mbili zikikaa kwenye hitsinki moja, iwe 0.43. Michoro mingi ya Ulaya inakadiria chumba cha nyuzi 20 au 25, ndiyo maana hitsinki iliyotosha kule huku haitoshi.

Mkono ni kipimo kizuri. Ukiweza kuuweka sekunde tano bila kuutoa, uko karibu na nyuzi 55. Ukiutoa papo hapo, umeshapita 60.

Kabla ya kununua alumini nyingine, angalia mapezi yamesimama wima, chini ya kasha pana nafasi ya sentimita 2 na matundu, na juu hapana kitambaa cha kufuma. Hili tunalisema kwa dhati: ampli hii haikai ndani ya kabati la sebuleni wala chini ya vitambaa, hata kama pamba inaonekana nyepesi.

Kisha gusa transista zenyewe. Kama hitsinki ni vuguvugu na transista inachoma, shida ni mika (kile kijikaratasi cha kuzuia umeme kati ya transista na hitsinki) au grisi ya joto. Grisi iwe nyembamba kiasi cha kuona mika chini yake. Toboa tundu kisha lifute kingo kwa ncha ya drili kubwa, maana kijipande kimoja cha chuma kinatoboa mika, na mwili wa 2N3055 ndio kolekta yenyewe. Pima kwa mita kati ya mwili wa transista na hitsinki kabla ya kuwasha, isionyeshe kitu.

Kama hitsinki kubwa haipatikani, shusha volti ziwe 22 na mkondo ampea 1. Moto unashuka hadi wati 22 kwa upande, nguvu inabaki wati 6. Hiyo ni tofauti ya desibeli 2 tu kwenye sauti ya juu kabisa, na kwa usikilizaji wa kawaida hutaitambua.

Mchana hakuna shida. Kuanzia saa moja usiku, mtaa mzima ukiwasha taa, ampli inaanza kuvuma. Sapulai yangu ina regyuleta ya LM338 ya volti 27. – Msomaji, Kampala

Umeme wako unashuka, na regyuleta, kile kidude kinachoshikilia volti zisibadilike, inaishiwa nafasi. Transfoma ya volti 24 kwenye umeme wa 240 inakupa takriban volti 31 baada ya kuchujwa. Umeme ukishuka hadi 200, zinabaki 26 hivi. LM338 inataka kama volti 3 zaidi ya zile inazozitoa ili ifanye kazi. Isipozipata inaacha mawimbi ya hezi 100 yapite yote, na saketi hii ya Linsley Hood haina kinga kubwa dhidi ya uchafu wa sapulai.

Badala ya regyuleta, weka kichujio cha transista. Baada ya kapasita ya mikrofaradi 10,000 ya volti 50, weka transista ya TIP142: mguu wa kolekta upande wa kapasita, mguu wa emita upande wa ampli. Kutoka kolekta kwenda beizi weka rezista ya kilo-omu 1, kutoka beizi kwenda hasi weka kilo-omu 15 sambamba na kapasita ya mikrofaradi 2,200. Saketi hii haing'ang'anii volti 27. Umeme ukishuka nayo inashuka, ila siku zote inabaki volti 4 hivi chini ya kapasita kubwa, kwa hiyo mawimbi hayapiti. Utapoteza wati chache za sauti saa ya umeme mdogo, na ukimya utabaki. Faida ya pili: volti zinapanda polepole kwa sekunde chache, na ule mshindo wa kuwasha kwenye spika unapungua. TIP142 itatoa wati 5 za moto, kwa hiyo nayo ifungwe kwenye hitsinki, na kila upande uwe na yake.

Mvumo ukibaki hata mchana, unganisha ingizo la sauti na hasi yake kwa kipande cha waya. Ukinyamaza, unatoka kwenye kebo au chombo unachokichomeka. Usiponyamaza, fuata nyaya za hasi. Hasi ya daraja la daiodi (daiodi nne zinazogeuza AC ya transfoma kuwa DC) iende kwanza kwenye kapasita kubwa kwa waya wake peke yake, na waya wa ampli na wa spika zianzie kwenye mguu wa kapasita hiyo. Usiunganishe hasi ya ingizo na daraja la daiodi kokote njiani. Kuondoa waya wa ardhi wa plagi ili kuua mvumo ni hatari ya kifo. Kasha la chuma liunganishwe na ardhi daima, na fyuzi ya ndani iwe ya ampea 1.6, ya kuungua polepole.

Naweza kutumia chaja ya laptopu ya volti 19? – Msomaji, Dodoma

Unaweza, na kwa anayeanza ni njia salama, maana hugusi umeme mkubwa. Utapata wati 3 na nusu kwa omu 8, mkondo uwe ampea 0.8 hadi 1. Volti ya katikati sasa ni 9.5, na rezista za beizi zipunguzwe kwa hesabu ileile ya jibu la kwanza. Tumia chaja moja kwa kila upande. Kama spika yako ni ya desibeli 90 kwa wati, sebule ya kawaida itajaa.

Nimebadilisha 2N3055 nikaweka 2SC5200. Sasa nikigusa waya wa ingizo ampea zinaruka, na twita (spika ndogo ya sauti za juu) imepata moto bila muziki. – Msomaji, Bujumbura

Zima sasa hivi. Ampli inapiga mluzi wa masafa ya juu usiosikika, na twita ndiyo inayoumeza. 2SC5200 ina kasi kubwa kuliko transista za 1969, na nyaya ndefu zinatosha kuifanya iimbe. Fupisha nyaya za beizi ziwe chini ya sentimita 5, weka omu 4.7 kwenye kila beizi pale pale mguuni, na kati ya toleo na hasi weka omu 10 iliyofuatana na mikrofaradi 0.1. Jaribu kwa rezista ya omu 8 ya wati 10 badala ya spika mpaka ampea zitulie.

Inakula yuniti ngapi? – Msomaji, Nakuru

Pande zote mbili, pamoja na hasara ya transfoma, ni karibu wati 90 kwenye soketi. Saa 4 kwa siku ni yuniti 11 hivi kwa mwezi. Volyumu haibadilishi hesabu.

Ndugu yangu anasema hasikii tofauti na ampli yangu ya zamani ya IC (kidude kimoja chenye saketi nzima ndani). Mimi nasikia. Nani mkweli? – Msomaji, Zanzibar

Huenda mnasikiliza kwa volyumu mbili tofauti. Cheza toni ya hezi 200 kutoka kwenye simu, weka mita kwenye AC juu ya vituo vya spika, na kila ampli uisawazishe hadi volti 1.00. Moja ikiwa 1.00 na nyingine 1.10, tofauti ni desibeli 0.8, na sikio litaipenda yenye sauti zaidi bila kujua sababu.

Kisha msikilize kwa sauti ndogo, usiku, nyumba ikiwa imetulia. Mkwaruzo wa makabidhiano hauongezeki sana na volyumu, kwa hiyo unaonekana zaidi muziki ukiwa mdogo. Taarabu inafaa sana hapa: fuatilia mkia wa uzi wa kanuni, ile ala ya nyuzi, unavyozimika, na fidla nyingi zinapopiga noti moja pamoja. Kwenye ampli yenye mkwaruzo mkia unakatika kabla ya wakati na fidla zinakuwa kama mchanga. Kama ile ya IC imetengenezwa vizuri, tofauti itakuwa ndogo, na ndugu yako atakuwa hajadanganya.

Mtu wa tatu abadilishe nyaya bila kuwaambia, mara 10, kila mmoja wenu aandike jibu lake kimya. Anayepatia 9 anasikia kitu. Anayepatia 5 au 6 anabahatisha. Ampli iwe imewaka nusu saa kabla ya mzunguko wa kwanza.