Muulize Fundi: Mshale unasema 50, tochi inasema 54

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972 niliyoachiwa na marehemu baba, usukani wa kulia, gia tano. Mwaka jana difu (boksi la meno linalopeleka mwendo kwenye tairi za nyuma) ilianza kulia. Kaka yangu aliyeko Marekani akanitumia nyingine iliyotolewa kwenye 240Z ya huko, ikaingia bila kuchongwa popote. Tangu siku hiyo gari limetulia barabarani, ila nikipanda Kibosho linachoka mapema. Mwezi uliopita nilipigwa tochi Boma Ng'ombe: mimi naona 50, askari ananionyesha 54. Nikalipa 30,000 yangu. Fundi mmoja anasema spidomita imezeeka, ninunue nyingine. Wa pili anasema kosa ni matairi, maana nimefunga 195/60 R14 badala ya 175 R14 ya asili, nikirudisha ya asili kila kitu kitakaa sawa. Nilijaribu kwa vibao vya kilomita vya barabarani: kwa kilomita 20 gari lilihesabu 18.6 tu. Nimsikilize nani? – *Mwana wa Soweto, Moshi*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa elfu thelathini. Usimsikilize yeyote kati yao, hasa huyo wa matairi. Ukifuata ushauri wake, safari ijayo mshale utakuonyesha 50 na tochi itasoma 58.

Nimefurahi ulipima kwa vibao, maana hiyo 18.6 ndiyo imenipa jibu. Spidomita ya gari la zamani ni vyombo viwili ndani ya kasha moja: mshale wa mwendo na tarakimu za kilomita. Waya unaotoka kwenye giaboksi unazungusha sumaku. Sumaku inavuta kikombe chepesi cha aluminiamu bila kukigusa, na springi nyembamba kama unywele inakizuia. Mshale umefungwa kwenye kikombe hicho. Ni ufundi wa Mjerumani Otto Schulze, aliyepata hataza yake mwaka 1902, na Datsun yako inautumia bila mabadiliko makubwa. Sumaku ikichoka, mshale unasoma chini. Springi ikilegea, unasoma juu. Lakini tarakimu za kilomita hazina habari na sumaku wala springi. Zenyewe zinazungushwa na meno kwa meno kutoka kwenye waya uleule. Meno hayazeeki yakapoteza kilomita moja na nusu katika ishirini.

Kwa hiyo tarakimu zikidanganya, kosa liko nyuma ya waya: giaboksi, difu au tairi. Zikisema kweli na mshale peke yake ukadanganya, hapo ndipo unafungua dashibodi. Zako zimedanganya kwa asilimia 7. Na 50 ukiigawa kwa 0.93 unapata karibu 54, ileile ya askari. Mshale na tarakimu vimekosea kwa kipimo kimoja, maana yake kichwa cha spidomita ni kizima. Ukitaka kuhakikisha, shikilia mshale kwenye 60 pale palipo tambarare kuelekea KIA, abiria ahesabu sekunde za kilomita moja ya tarakimu zako mwenyewe. Zikiwa 60, usinunue spidomita.

Sasa difu. 240Z za gia za mkono zilizouzwa Marekani zilitoka na giaboksi ya gia nne na difu ya 3.364. Nyingi zilizokwenda kwingine, za gia tano kama yako, zilikuwa na difu ya 3.9. Namba hiyo ni mara ngapi propela, ule mhimili unaotoka giaboksi kwenda difu, inazunguka ili tairi lizunguke mara moja. Kuthibitisha huhitaji kumwaga oili: gia iwe huru, tega mawe tairi za mbele, inua tairi moja ya nyuma na jeki, jingine libaki chini. Piga alama ya chaki kwenye propela, kisha zungusha tairi lililo hewani mizunguko miwili kamili. Miwili, kwa sababu lile lingine limesimama na difu inagawa nusu kwa nusu. Propela ikizunguka tatu na theluthi, ni ya Kimarekani. Ikikaribia nne, nitafute unicheke.

Waya wa spidi unachukua mwendo wake kwenye mkia wa giaboksi, kabla ya difu. Wenyewe unahesabu mizunguko ya propela, haujui tairi linafanya nini. Difu mpya imefanya propela izunguke pungufu kwa kila kilomita: 3.364 kwa 3.9 ni asilimia 86. Kwa difu peke yake, mshale wako ungesoma chini kwa asilimia 14. Mbona basi ni 7? Ni yale matairi yanayosemwa vibaya. Tairi la 175 R14 lina kimo cha milimita 636 hivi, 195/60 R14 ni 590. Tairi fupi linazunguka zaidi kwa kilomita ileile, kwa hiyo linaupandisha mshale kwa asilimia karibu 8. Difu imeshusha, tairi limepandisha, na wewe ukabaki na tofauti ndogo. Makosa mawili yanafichana. Ondoa moja, lililobaki litavua nguo hadharani.

Niliwahi kuletewa gari la namna hii hapa Sombetini, limebadilishwa kila kitu na kila fundi kwa zamu, na kila mmoja alikuwa sahihi kwa kipande chake. (Kipande changu nilikosea. Niliuza spidomita nzuri kama chuma chakavu. Mwenye gari bado hajui, na kama anasoma, karibu chai.)

Dawa ni kipinyoni, gurudumu dogo la plastiki lenye meno, kinachoingia ubavuni mwa mkia wa giaboksi, mwisho wa waya. Chomoa, hesabu meno. Tuseme ni 20: meno yakipungua, waya unazunguka haraka zaidi. Kwa difu yako na matairi uliyo nayo unahitaji 20 mara 0.93, yaani 18.6. Meno nusu hayauzwi. Chukua 18, usichukue 19. Kwa 18 mshale utasoma juu kwa asilimia 3, kwa 19 utasoma chini kwa 2, na kusoma chini ndiko kunakokulaza na risiti. Hata kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, iliyokuja baada ya gari lako kutengenezwa, inakataza mshale kusoma chini ya mwendo wa kweli hata kidogo, lakini inauruhusu kuzidi kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Ukirudisha 175, au ukifunga 195/70 ambayo kimo chake kinaikaribia sana, basi chukua 17. Kinunue pamoja na kishikio chake, maana kipinyoni kidogo kwenye mkao wa kikubwa hakikai sawa na kitaliwa.

Kuhusu Kibosho: gia yako ya tano ni kama 0.85. Zidisha kwa 3.9 ya zamani, unapata 3.3, karibu sawa na difu yako mpya ikiwa kwenye gia ya nne, ambayo ni moja kwa moja. Yaani gia yako ya nne ya leo ndiyo tano ya baba yako. Kwa mizunguko 3,000 ya injini kwa dakika kwenye nne sasa unakwenda kama 96, zamani ungekuwa 83. Mlimani tumia gia moja chini ya uliyoizoea, wala usilione gari bovu. Mimi ningeiacha difu hiyo. Kwa mtu wa Moshi–Arusha mara mbili kwa wiki ni zawadi, na injini ya lita 2.4 inaivuta. Ila baba yako angeitaka 3.9, nadhani. Gari la aina hii lilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 na Edgar Herrmann, tena 1973 na Shekhar Mehta, na sisi tuliokuwa wadogo tulibishana kama vile tuna hisa. Waongozaji wa magari yale hawakuamini kipimo chochote bila kukilinganisha kwanza na umbali uliopimwa. Ulichofanya kwenye vibao ni hicho hicho.

SWALI: Fundi, MGB yangu mshale unachezacheza chini ya 40, juu ya hapo unatulia. Ni spidomita? – *Njiro, Arusha*

JIBU: Ni waya. Umekauka, au umekunjwa kona kali mahali fulani, unakwama kisha unaruka. Uchomoe wa ndani, ufute, upake grisi nyepesi sehemu ya chini tu. Sentimita kama ishirini za juu ziache kavu. Grisi ikipanda hadi kwenye sumaku na kikombe, utaniletea spidomita iliyokufa kweli. Na kabla hujamruhusu mtu kukuuzia nyingine, soma namba ndogo usoni mwa hiyo yako, kwa mfano 1280. Ni mizunguko ya waya kwa maili moja. Mpya isiyo na namba hiyohiyo usiichukue, hata kama imeng'aa.