Samadi kwenye nyasi za prerie? Acha kabisa!

Mkuu, weka chini hilo koleo kwanza. Unasema unataka kupanda nyasi za prerie, yaani zile za mbuga za Amerika Kaskazini: mashimo tayari, samadi umeagiza, mipira ya umwagiliaji wa matone inakuja, na unauliza zikatwe lini. Hilo tutalifikia. Hiyo samadi irudishe ilikotoka, leo hii.

Aliyeniuzia miche mimi aliniambia kwa kujiamini kabisa: nyasi ni nyasi, zilishe zikulipe. Nikazilisha. Samadi chini, mbolea ya naitrojeni juu, maji kila jioni. Panicum virgatum, aina mojawapo ya nyasi hizo, zikanipita kimo, nikaanza kujiita bwana shamba. Zikatoa masuke, ikapiga mvua moja tu, na siyo kubwa. Kulipokucha kila kichaka kimepasuka katikati, mabua yamelala pande zote, katikati pamebaki upara. Nikayafunga kamba, yakaanguka na kamba zake. Schizachyrium scoparium, aina nyingine, ambazo ndizo zilizonikausha mfuko, zilioza kabisa. Ukishika bua linachomoka lote, na pale lilipogusa udongo ni jeusi, teketeke, linanuka. Cheka tu, ila magugu yangu mwaka ule yalinawiri hujapata kuona.

Na yule bwana nilipomrudia, unajua alisema nini? Niongeze mbolea! Mtu anauza mimea asiyojua hata imetoka wapi.

Hizi zimezoea mbuga za Amerika Kaskazini: ukame, moto, kuliwa na nyati wa kule. Andropogon gerardii, ndugu yao mkubwa, mizizi yake hushuka zaidi ya mita 2. Miaka ya mwanzo nguvu nyingi zinakwenda chini, juu unaona mche umedumaa, ndipo watu wanapopaniki na kukimbilia mbolea. Ukiilisha na kuinywesha juu juu, inarefuka haraka, mabua laini, haijibebi. Schizachyrium huota hata kwenye miteremko ya mawe na kichanga, wewe unaipeleka kwenye samadi!

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: ziache na njaa. Udongo usiotuamisha maji, jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku (kivulini nazo hulala), maji msimu wa kwanza tu mpaka zishike. Hiyo mipira ya matone kafungie nyanya.

Kukata: mwisho wa baridi, kabla hazijachipua, bakiza sentimita 10 hadi 15. Na zikichelewa kuchipua wakati bustani nzima imeshakuwa kijani, usizing'oe, zinasubiri udongo upate joto.

Kama samadi ulishaichanganya na udongo, usipande nyasi msimu huu. Weka mahindi au maboga yaile kwanza. Na muuzaji akikupa mfuko wa mbolea wa nyongeza, bure kabisa, mwachie mwenyewe.