Takoma Park, mji wa kulala wenye kura yake

Swali la wiki liliuliza iwapo mji ambao wakazi wake huondoka alfajiri kwenda kufanya kazi kwingine na kurudi jioni kulala unaweza kuwa na maisha yake wenyewe. Ninaishi katika mji wa namna hiyo, Takoma Park katika jimbo la Maryland, mpakani kabisa na Washington, na jibu langu ni ndiyo.

Mji huu ulizaliwa na reli. Mwaka 1883 Benjamin Franklin Gilbert alinunua ardhi kandokando ya njia ya treni ya Baltimore and Ohio, akaikata viwanja na kuvinadi kwa watu wa Washington, akiwaahidi hewa safi ya mwinuko, maji ya chemchemi na nafuu ya malaria iliyowasumbua kule mabondeni. Mwaka 1890 ulipata hadhi ya mji, naye akawa meya wa kwanza. Vitongoji vingi vya Marekani vilianza hivyo hivyo.

Kilichowaunganisha watu wa hapa ni kupigania mitaa yao. Katika miaka ya 1960 serikali ilipanga barabara kuu ya magari ambayo ingebomoa mamia ya nyumba hapa na katika mitaa jirani ya Washington. Sammie Abbott, mkazi wa Takoma Park aliyekuwa mchoraji, alishirikiana na Reginald Booker na wakazi Weusi wa Washington kuipinga kwa miaka, hadi mpango ukaachwa na nguvu zikaelekezwa kwenye treni za Metro. Kituo cha Takoma kilifunguliwa mwaka 1978, na miaka miwili baadaye Abbott akachaguliwa kuwa meya. Treni inayonishusha Union Station kila asubuhi, kituo cha tano kutoka kwetu, naihesabu kuwa urithi wa watu hao.

Hata hivyo, sababu kubwa ya jibu langu ni kura. Baada ya sensa ya 1990, mji ulipokuwa ukigawa upya kata zake, ilionekana kwamba kata zenye watu sawa zilitofautiana sana kwa idadi ya wapiga kura, kwa kuwa katika baadhi yake wakazi wengi walikuwa wahamiaji wasio raia. Wakazi waliulizwa kwa kura ya maoni Novemba 1991, wakakubali kwa tofauti ndogo, na tangu 1992 asiye raia anaruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi wa mji. Mwaka 2013 haki hiyo ilifikishwa pia kwa vijana wa miaka 16.

Mimi ni mtu wa Tanga, na wakati huo nilikuwa na kibali cha ukaazi tu. Jirani yangu, mama mmoja kutoka Ethiopia, aliponihimiza nijiandikishe niliingiwa na hofu, maana mgeni akipiga kura ya rais au ya bunge la taifa anaweza kufukuzwa nchini. Karani wa mji alinieleza kwa subira kwamba daftari la wasio raia ni la peke yake, linatunzwa na mji wenyewe, na linahusu meya na diwani pekee. Novemba 2015, katika jengo la jamii lililoko Maple Avenue, nilipewa karatasi ambayo haikutaka alama moja, bali niwapange wagombea kwa namba kuanzia ninayempenda zaidi. Nyuma yangu kwenye foleni alisimama binti wa sekondari, mkoba wa shule ungali mgongoni.

Tangu siku hiyo nahudhuria vikao vya halmashauri hata nikiwa nimetoka kazini nimechoka, kwa sababu njia za waendao kwa miguu, miti ya mtaani na kiwango ambacho mwenye nyumba anaruhusiwa kunipandishia kodi kila mwaka huamuliwa humo, na diwani anayeviamua ananiomba kura mimi pia.