Tisheti Inakaa Mabegani: Kwa Anayeanza Kushona Nyumbani

Mtu aliyezoea kushona sare za shule na magauni ya vitenge huamini tisheti ni kazi ya asubuhi moja. Haina zipu, haina vifungo, haina kola ngumu, vipande vyake vikuu ni vinne tu. Kisha anamvalisha mwanaume aliyemshonea, na tisheti inabana kwapani, shingo imefanya mawimbi, mbele imepanda kuliko nyuma. Hapo wengi hukimbilia ubavuni. Wanapunguza huku, wanaachia kule, na tatizo linabaki palepale. Nyie mnaoanza, naomba mlishike hili kabla hamjashika mkasi: tisheti ya mwanaume inakaa mabegani. Bega, shingo na kwapa vikikaa vizuri, ubavu ni mstari wa kushuka tu. Visipokaa, hakuna ubavu utakaoiokoa nguo hiyo.

Ninashonea nyumbani, Mtwara mjini, kwa cherehani ya kukanyaga. Nasema hivyo ili asiwepo mtu wa kuacha kwa sababu hana ovaloki, ile mashine ya kufungia kingo za kitambaa. Kingo za kitambaa cha tisheti hazichambuki nyuzi kama za kitenge, zinajikunja tu. Ovaloki inapendezesha upande wa ndani na kuharakisha kazi, lakini nguo itavaliwa miaka bila hiyo.

Tuanze na kitambaa. Hapa mjini vitenge, khanga na vitambaa vya sare hukosi, ila kitambaa cha tisheti cha kukatiwa kwa mita hukikuti kila duka. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kununua tisheti mbili kubwa za mtumba, za pamba, zisizo na maandishi makubwa kifuani, na kuzikata upya. Ukiharibu hujaumia sana, na kwa kuwa zimeshafuliwa mara nyingi, kusinyaa kwake kumeshakwisha. Kitambaa kipya cha pamba lazima ukifue na kukianika kabla ya kukata. Usipofanya hivyo, tisheti iliyomkaa vizuri leo itakuwa fupi akiifua mara ya kwanza, maana pamba ya namna hii husinyaa zaidi kwa urefu kuliko kwa upana.

Ukiwa sokoni mbele ya rundo, chukua sentimita 10 za kitambaa kwa upana, uvute taratibu. Kikifika 13 na kikarudi kilipokuwa, kinafaa. Kikifika 13 kikabaki kimelegea, kirudishe. Halafu angalia mshono wa ubavu wa hiyo tisheti. Mara nyingi utaukuta umezunguka ukaja tumboni, kwa sababu kitambaa hiki kikifuliwa hupenda kujisokota. Kwa hiyo unapokikunja ili ukate, usifuate mshono wa zamani. Kilete dirishani, uangalie kwa karibu upande wa nje: utaona vijistari vya herufi V vimepangana kutoka juu kwenda chini. Fuata mstari mmoja wa hizo V, hapo ndipo pa kukunjia. Upande wa ndani hauna V, una vinundu vya kulala. Mvuto mkubwa wa kitambaa lazima uzunguke mwili, usiende juu na chini.

Sindano ndiyo inayowaponza wengi, kwa kuwa haionekani kuwa ni kosa. Sindano ya kawaida ina ncha kali inayokata kijiuzi cha kitambaa badala ya kupita pembeni yake. Siku ile huoni kitu. Baada ya kufua, vitundu vinajitokeza kando ya mshono na kuanza kushuka. Nunua sindano yenye ncha ya duara, namba 75/11 au 80/12, na utumie uzi wa poliesta, maana uzi wa pamba hukatika nguo ikivutwa. Cherehani ikiruka mishono, badilisha sindano kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Na kwa sisi wa pwani, kuanzia huku hadi Mikindani, hewa ya bahari inaleta kutu haraka. Hifadhi sindano ndani ya kipande cha kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani, na kila unapoanza kazi pitisha kwanza kwenye tambara, usije ukaacha doa kwenye tisheti nyeupe.

Kwa paterni, yaani karatasi ya mfano wa kukatia, usihangaike kuchora kutoka kwenye vipimo vitupu. Mwombe mhusika akuletee tisheti anayoipenda mwenyewe. Ikunje katikati, ilaze juu ya karatasi ya kaki, itie pini, uchore kuizunguka huku ukibonyeza mishono kwa kidole ili ujue inapopita. Ongeza sentimita 1 ya akiba kila mahali, isipokuwa ubavuni na kwenye bega. Huko weka 2, kwa sababu ndiko utakakorekebisha. Kisha linganisha na mwili wake: pima kifua chini ya kwapa, uongeze nafasi. Kwa joto letu la Mtwara na unyevu wake, nampa mtu sentimita 10 zaidi ya kifua chake ili hewa ipite. Kijana anayetaka kubana nampa 4 au 5, nami humwambia wazi kwamba mchana jasho litaichora mgongoni. Mtu wa Newala, kule juu uwandani ambako jioni kuna baridi, huenda akataka kitambaa kizito na nafasi zaidi ya kuvaa kitu ndani.

Sasa mabega, na hapa naomba mtulie nami.

Unga mabega kwa kupiga bandi tu, yaani mishono mirefu ya muda, piga bandi ubavuni pia, umvalishe. Usiangalie tumbo. Simama mbele yake hatua mbili, angalia kati ya shingo na kwapa. Ukiona mikunjo ya mshazari inayoanzia shingoni kushuka kuelekea kwapani, mabega yake yameteremka kuliko ya paterni yako. Bana kwa pini kile kilichozidi kwenye ncha ya bega, pengine sentimita 1, na kwenye karatasi ushushe ncha ya bega kwa kiasi hicho. Kisha, na hiki husahaulika sana, shusha na sehemu ya chini ya kwapa kwa kiasi hichohicho, la sivyo tundu la mkono linapungua. Mwenye mabega ya juu yaliyonyooka, yeye hufanya mkunjo wa kulala nyuma, chini kidogo ya shingo. Kwake unapandisha ncha ya bega, na kwapa linapanda nayo.

Kuna wengine mabega yamekuja mbele kwa kazi ya kuinama, na mafundi wenzangu wengi wamo humo. Tisheti yao huteleza nyuma, ukingo wa shingo unagusa koo, na kila mara unaona mtu anaivuta mbele. Hapo usipanue shingo. Sogeza mshono wa bega mbele: punguza sentimita 1 kwenye ncha ya bega la mbele, ongeza 1 kwenye la nyuma. Inashangaza jinsi sentimita moja mahali hapo inavyompumzisha mtu.

Ukishatoa bandi na kuushona mshono wa bega wa kudumu, weka ndani yake utepe mwembamba usiovutika. Ukanda wa pamba uliokatwa kwenye ukingo wa kanga kuukuu unatosha. Bega ndilo linalobeba uzito wa nguo nzima. Bila utepe, bega hurefuka siku hadi siku na mkono kushuka nje ya mahali pake.

Kwapa ni jambo linalotaka imani kidogo, kwa sababu ukweli wake unaenda kinyume na macho. Msimu wa korosho ukifika, vijana wanaofanya kazi ya kupakia kwenye maghala huja kushonesha. Mmoja aliwahi kunijia na tisheti aliyoshonewa mahali pengine.

“Fundi, shikamoo. Nikisimama iko sawa. Nikiinua gunia, tumbo lote nje.”

“Marahaba mdogo wangu. Hebu nyoosha mikono juu, kama unampokea mwenzio mzigo.”

Akanyoosha, na pindo likapanda hadi kitovuni. Kwapa la tisheti ile lilikuwa limechimbwa chini sana. Aliyeishona alifanya hivyo kwa nia njema, ili asibanwe. Lakini fikirini njia yenyewe: mkono ukiinuka, mwili hurefuka kuanzia kwapani hadi kiunoni. Kwapa la nguo likiwa karibu na kwapa la mtu, ubavu wa nguo una urefu wa kutosha kufuata. Ukilishusha, ubavu umekuwa mfupi, na mkono unavuta tisheti nzima juu. Kwa hiyo kwapa likibana, usikimbilie kulishusha. Liache sentimita 2 au 3 chini ya kwapa lake, basi. Angalia kwanza kama kifua ni chembamba. Kama sicho, chimba kidogo mbele ya tundu la mkono, pale unapopinda kuelekea kifuani, nusu sentimita kwanza. Kama bado, rudi kwenye mkono wenyewe: punguza urefu wa kilele chake, ile sehemu ya juu iliyopinda inayoungwa begani, kwa sentimita 2 na upanue mkono ubavuni, huku ukihakikisha mzunguko unabaki sawa na wa tundu. Mkono wa namna hiyo utakuwa na mikunjo kidogo akiteremsha mikono, na mtu wa kazi haumizwi na mikunjo.

Kwapa lililokwisha kukatwa chini huwezi kulirudisha. Yule kijana nilimkatia upya kutoka kwenye tisheti kubwa zaidi.

Shingo inataka hesabu. Pima mzunguko wa tundu la shingo kwenye mstari wa mshono, si kwenye ukingo uliokatwa, baada ya mabega kuungwa. Tuseme ni sentimita 48. Utepe wa shingo lazima uwe mfupi kuliko hapo ili uvutike na kulala kwenye mwili. Ukiwa wa ribu, kile kitambaa chenye vijistari kinachovutika sana, chukua asilimia 85: hiyo ni karibu 41, ongeza 2 za kuungia, unakata 43. Ukiwa wa kitambaa kilekile cha tisheti, ambacho hakivutiki kama ribu, chukua asilimia 90. Singilendi kuukuu yenye mistari ya ribu inatoa utepe mzuri sana. Kwa upana kata sentimita 6. Ukiukunja unakuwa 3, mshono unachukua 1, zinazoonekana ni 2. Unga utepe uwe duara, ugawe robo nne kwa pini, na tundu la shingo uligawe robo nne pia. Zingatieni kwamba robo za tundu haziangukii kwenye mishono ya mabega, kwa kuwa shingo ya mbele ni ndefu kuliko ya nyuma. Kutanisha pini kwa pini, kisha shona ukivuta utepe peke yake, wala usivute tisheti. Mawimbi yote ya shingo mnayoyaona yanatokana na kuvutwa kwa tisheti, au na utepe uliokuwa mrefu. Kabla ya kushona moja kwa moja piga bandi, umvalishe kichwani. Kichwa cha mwanaume ni kama sentimita 57, na shingo lazima ipite bila bandi kukatika. Ikikataa, ongeza kina cha mbele nusu sentimita, upime upya.

Mikono shoneni ikiwa bado imelala, kabla ubavu haujafungwa. Halafu mshono mmoja mrefu unaanzia kwenye pindo la mkono, unapita kwapani, unashuka hadi chini. Kama cherehani yako ina zigizaga, weka upana mdogo sana, nusu milimita hadi moja. Kama inashona mstari ulionyooka tu, punguza urefu wa mshono, legeza uzi wa juu kidogo, na ukinyoshe kitambaa kidogo mbele na nyuma ya sindano kinapopita. Ukimaliza, vuta mshono kwa mikono miwili kwa nguvu. Ukisikia uzi unakatika, bora ukatike kwako kuliko mgongoni kwa mtu.

Wengine watawaambia mtumie sindano pacha, yenye ncha mbili, kwenye pindo. Ni nzuri, lakini angalieni kwanza bamba la cherehani yenu, kile chuma chenye tundu la kupitishia sindano. Lenye tundu dogo la duara haliipokei, itavunjika kwa mshono wa kwanza, na kipande kinaweza kuruka usoni. Mwenye bamba la namna hiyo apige mistari miwili, mmoja baada ya mwingine, akiunyosha mkunjo kidogo.

Pindo la chini liwe la mwisho, nguo ikiwa imetundikwa usiku mzima. Mvalishe, mwambie ainue mikono, ainame, aketi. Mwenye kitambi pindo lake la mbele litapanda. Kwake ongeza urefu mbele tu, sentimita 2 au 3 katikati, ukipungua taratibu hadi mishono ya ubavu, badala ya kumpanulia nguo nzima hadi mabega yakaanguka. Kwa asiye na kitambi, pindo lishuke sentimita 8 hadi 10 chini ya mkanda wa suruali. Piga pasi kwa kubonyeza na kuinua, bila kusugua. Kisha, kabla hujamfungia nguo yake, chukua ile karatasi ya kaki uandike juu yake kwa kalamu kila ulichobadilisha: bega kiasi gani, kwapa kiasi gani, kitambaa kilivutika kutoka 10 hadi ngapi. Itoboe, itundike msumarini. Akirudi na kitambaa kinachovutika tofauti, mabega yake utakuwa nayo tayari, na kazi yako itakuwa kupima shingo upya.