Taimur si tende, ni chuma

Dada yangu alipojifungua mtoto wa kiume, shemeji alitaka aitwe Taimur, jina la babu yake wa Maskati. Siku ya akika wazee wakaniuliza mimi maana yake, maana nilisoma madrasa miaka mingi na Kiarabu nakijua kidogo. Nikajibu bila kusita: linatokana na tamr, tende, wingi wake tumur. Wakafurahi, na mama akaomba dua mtoto awe mtamu kama tende. Nilikuwa nimekosea, na kosa langu likakaa nyumbani kwetu miaka sita.

Ukweli niliukuta Istanbul, nilipokwenda kusoma. Bwenini nililala chumba kimoja na kijana wa Samarkand, Uzbekistan, aitwaye Temur. Nilipomweleza habari za tende akatikisa kichwa. Kesho yake tukashuka Karaköy, kwenye vichochoro vya Perşembe Pazarı wanakouza minyororo, bawaba na misumari. Akanionyesha kibao kilichoandikwa Demir. "Ndugu yangu, jina langu ndilo hili," akasema. "Waturuki wanasema demir, sisi tunasema temir. Ni chuma." Akachukua nati moja kubwa dukani, nzito, bado ina mafuta, akanitia kiganjani.

Kwa hiyo ndugu mzazi, ukilipenda jina ulilolisikia kwa Waislamu wenzetu, usikimbilie kamusi ya Kiarabu. Anza kuuliza: ni la lugha gani? Kisha litafute katika maneno ya kila siku ya lugha hiyo. Kwa Waturuki mhunzi ni demirci, na reli ni demiryolu, yaani njia ya chuma. Kazakhstan kuna mji wa viwanda vya chuma unaoitwa Temirtau, mlima wa chuma. Hapo shaka inaisha. Tende yangu haikuwa na ushahidi wowote ila mlio wa herufi.

Mimi nilipotoshwa na Oman. Sultani Taimur bin Feisal alitawala kuanzia 1913 hadi 1932, akafuatiwa na mwanawe Said bin Taimur, na Sultani Haitham wa leo ni mjukuu wa Taimur huyo. Jina limekaa kwa Waarabu hao hata likaonekana lao, lakini asili yake ni Kituruki cha kale: temür.

Uliza pia nani aliyelibeba. Timur mwenyewe, yule mtawala na mpiganaji wa Asia ya Kati aliyezaliwa 1336 karibu na mji unaoitwa leo Shahrisabz, amezikwa Samarkand, na Wauzbeki wamemsimamishia sanamu akiwa juu ya farasi katikati ya Tashkent. Ila huyo huyo ndiye aliyeiangamiza Delhi mwaka 1398 na Baghdad mwaka 1401. Mimi bado nalipenda jina hili, kwa sababu chuma kilikuwapo kabla yake. Lakini mzazi ayajue yote mawili, mtoto atakuja kuuliza.

Na tahajia muamue kabla ya cheti cha kuzaliwa. Timur, Temur, Taimur: chagueni moja. Mpwa wangu kwenye cheti ni Taimur, shuleni wakamwandika Taimuri, na dada amehangaika sana kurekebisha.

Niliporudi likizo nilimwita mpwa wangu mbele ya mama, nikakiri kosa langu, nikampa ile nati. Aliigeuza geuza, akauliza kama na Temur anayo ya kwake. Sasa ana miaka kumi, na ameifungia ufunguo wa baiskeli yake.