Maswali yenu: katuni na wahakiki wake

Safari iliyopita niligusia The Comics Journal, jarida la Marekani lililozichambua katuni kwa uzito ule ule ambao wengine wanautumia kwa riwaya na filamu. Barua zimekuja nyingi, nyingine za kunibeza. Nimechagua tano.

Kaka, hivi kweli katuni ina kitu cha kuhakiki? Si picha za kuchekesha watoto tu? (Msomaji, Morogoro)

Tafuta "Master Race", hadithi ya kurasa nane aliyoichora Bernard Krigstein mwaka 1955 kwa jarida la Impact. Mtu anapanda treni ya chini ya ardhi huko Marekani. Anaingia abiria mwingine, amevaa nguo nyeusi, na yule wa kwanza anaanza kutokwa jasho. Kumbe huyu aliyekaa alikuwa mkuu wa kambi ya mateso ya Wanazi, na anadhani amekutana na mtu aliyeokoka kule. Anakurupuka, anakimbia, anaangukia relini.

Wachoraji wengi wangekupa kishindo na damu. Krigstein anakikatakata kile kitambo kifupi kuwa visanduku vyembamba, kimoja baada ya kingine, hadi unahisi muda umegoma kwenda. Halafu treni inapita, na nyuso za abiria madirishani zimerudiwarudiwa, vile jicho linavyonasa kitu kinachokwenda mbio. Wao hawajui lolote. Krigstein alikuwa amepangiwa kurasa sita. Akabishana na wakubwa wake mpaka wakamwongezea mbili, kwa sababu hapo mwisho alihitaji nafasi.

Mwaka 1975 jarida la mashabiki, yaani lililotolewa na wapenzi wa katuni wenyewe, liitwalo Squa Tront lilitoa uchambuzi mrefu wa hadithi hiyo, ulioandikwa na John Benson, David Kasakove na Art Spiegelman. Spiegelman huyo ndiye aliyepewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992 kwa kitabu chake cha katuni, Maus. Sasa niambie kama hayo ni mambo ya kuchekesha watoto.

Zamani hakukuwa na intaneti. Hao mashabiki walijuanaje? (Mwanafunzi, Eldoret)

Kwa posta. Julius Schwartz, mhariri wa DC, kampuni ya katuni ya Marekani, alikuwa akichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Kijana wa kijiji cha mbali aliona jina la mwenzake gazetini, akamwandikia. Mwaka 1961 Jerry Bails, mhadhiri wa chuo kikuu mjini Detroit, akisaidiwa na Roy Thomas, alitoa jarida la mashabiki, Alter-Ego, kwa mashine ya kurudufu. Mwaka mmoja kabla yake, Dick na Pat Lupoff walikuwa wameanzisha Xero, lililobeba makala za kuzikumbuka katuni za utotoni.

Hapa kuna kichekesho. Daktari Fredric Wertham, ambaye kitabu chake cha mwaka 1954 kilizilaumu katuni kwa kuwaharibu vijana, na ambaye mashabiki walimchukia kama ukoma, mwaka 1973 alitoa kitabu cha kuyasifu majarida haya haya ya mashabiki.

Kuandika mapitio ni maoni tu. Huo unaouita uandishi wa habari wa mashabiki uliwahi kumsaidia nani? (Fundi wa simu, Dar es Salaam)

Swali hili nalipenda kuliko yote, maana nadhani hapo ndipo uhakiki wa katuni ulipokomaa: pale shabiki alipoacha kuuliza "ni nzuri?" akauliza "kaifanya nani, na kalipwa nini?"

Kwa miaka mingi katuni ya shujaa Batman ilitoka na jina moja tu, Bob Kane. Mwaka 1965 Bails alizungumza na Bill Finger, mwandishi wa hadithi zile tangu mwanzo, kisha akaandika kwamba sehemu kubwa ya Batman ilitoka kichwani mwa Finger. Kane alikuja juu na kujibu kwa barua ndefu ya kukanusha. Finger alifariki mwaka 1974 bila jina lake kuwekwa pale juu. Liliwekwa rasmi mwaka 2015, miaka hamsini baada ya Bails kuandika.

Kisha kuna Jack Kirby, mchoraji, mmoja wa waliounda mashujaa wa katuni Fantastic Four na Hulk. Miaka ya 1980 kampuni ya Marvel ilianza kuwarudishia wachoraji michoro yao halisi ya miaka ya nyuma. Wengine walitakiwa kusaini karatasi moja fupi. Kirby akaletewa hati ya kurasa nne yenye masharti kibao. The Comics Journal lililivalia njuga jambo hilo, likachapisha maelezo, mahojiano na majina ya wachoraji waliomuunga mkono. Mwaka 1987 Kirby alirudishiwa kurasa kama 2,000 hivi, sehemu ndogo tu ya alizochora. Haki kamili? Hapana. Lakini bila kelele zile sidhani kama angepata hata hizo.

Nasikia jarida hilo lilikuwa na ulimi mkali. Hawakuwahi kushtakiwa? (Wakili mstaafu, Mombasa)

Walishtakiwa, mzee wangu. Gary Groth, mhariri wake tangu mwaka 1976, alimhoji mwandishi Harlan Ellison, naye Ellison akamsema mwandishi wa katuni Michael Fleisher kwa maneno mazito. Fleisher akafungua kesi ya kudai dola milioni 2. Ilikokotwa hadi mwaka 1986, na baraza la wazee wa mahakama likawapa ushindi washtakiwa, ingawa gharama za kesi ziliwaumiza.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni kingine: Fantagraphics, kampuni ya Groth, ilikuwa inachapisha jarida la uhakiki na wakati huo huo inachapisha katuni zake yenyewe. Mwamuzi anacheza na huku anapuliza filimbi. Mahojiano yao marefu nayasoma kwa raha zote. Mapitio ya vitabu vyao wenyewe nayasoma kwa jicho la pembeni.

Nataka kuanza kuhakiki katuni za Kiswahili. Nianzie wapi? (Dada wa Tanga)

Dada, anza na kitu kimoja kilicho mkononi mwako, usianze na "historia ya katuni Afrika Mashariki". Ukiweza kuingia maktaba yenye magazeti ya Uhuru ya zamani, mtafute Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory, uchukue vipande kadhaa vilivyofuatana. Tazama anavyosimama, nani amechorwa mkubwa na nani mdogo, kicheko kinatoka kwenye maneno au kwenye mkao wa mwili. Usinisimulie hadithi yote halafu umalizie na "michoro ni mizuri". Mapitio ya namna hiyo tunayo tele. Wachoraji wazee walio hai waulize waliajiriwa au walilipwa kwa kipande, na michoro halisi ilibaki kwa nani. Na kila unachonukuu, andika tarehe ya gazeti na ukurasa.